Lugha ya Mtoto na Ubora wa Shule: Mfano wa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

1.0 Utangulizi

Tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipohimiza elimu ya msingi kwa wote, mijadala kuhusu ubora wa shule nchini Tanzania imeelemea sana upande wa hesabu: watoto wangapi wameandikishwa, madarasa mangapi yamejengwa, madawati mangapi yamepungua. Hesabu hizo si za kubezwa. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza kutekelezwa, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi kuzidi milioni 7 mwaka 2004. Hata hivyo, tathmini ya Uwezo ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba ni takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Makala haya yanadai kwamba, katika mikoa ya Shinyanga na Geita, pengo hilo haliwezi kuelezwa ipasavyo bila kuichunguza lugha anayokuja nayo mtoto siku ya kwanza ya shule.

2.0 Kizingiti cha Kwanza

Lugha ya nyumbani ya wakazi wengi wa maeneo haya, hususan vijijini, ni Kisukuma, ambacho Guthrie alikiweka katika kundi la F21. Kisumbwa na Kizinza navyo vina wasemaji wake upande wa magharibi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliagiza Kiswahili kitumike kufundishia tangu elimu ya awali. Kwa kuwa Kisukuma na Kiswahili ni lugha za Kibantu, imezoeleka kudhaniwa kwamba mtoto ataivuka njia hiyo mwenyewe, pasi na kushikwa mkono.

Dhana hiyo ina ukweli nusu. Mtoto anayejua kwamba nyumba ni *numba* na kwamba tatu ni *datu* hayuko mbali na Kiswahili. Lakini ukaribu huo ndio unaomponza. Anapohesabu *bili, datu, ne*, mwalimu anayejua Kisukuma humsikia mtoto aliyehesabu sawasawa kwa sauti za lugha yake. Mwalimu aliyepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine husikia kosa. Kadhalika, Kisukuma hakitofautishi maana kwa kubadili /l/ na /r/, hivyo zoezi la *kula* na *kura*, ambalo kwa mtoto wa Dar es Salaam ni la herufi tu, kwa mtoto wa Kishapu ni la kujifunza kusikia kwanza. Maji kwake ni *minzi*, na hapo hakuna mfanano wowote wa kumsaidia. Kwa upande wa pili, Kisukuma kina irabu saba na nazali zisizo ghuna ambazo Kiswahili sanifu hakina (jina la Wilaya ya Nyang'hwale linaibeba mojawapo, na wageni wengi hulikosea). Mtoto huyu, basi, hana upungufu wa lugha. Ana lugha ambayo shule haijaihesabu.

Kilichozidisha tatizo ni desturi ya baadhi ya shule kuadhibu matumizi ya lugha za jamii, ingawa Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua kuwa hazina. Mtoto anayeogopa kusema hanyamazi katika Kisukuma tu. Hunyamaza katika somo zima, na mwalimu hana tena njia ya kujua alichokielewa.

Jaribio lenye mafunzo zaidi ni lile la mradi wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 kwa ufadhili wa Uingereza na kuujumuisha Mkoa wa Shinyanga. Sehemu yake ya utayari wa shule iliwatumia wasaidizi waliotoka katika jamii yenyewe kuwaandaa watoto kwa hadithi, nyimbo na michezo kabla ya darasa la kwanza. Jambo la msingi hapo ni mpangilio: masikizi na mazungumzo hutangulia, herufi hufuata. Kumtaka mtoto asome neno ambalo hajawahi kulisikia ni kumfundisha kukariri maumbo.

3.0 Machimboni

Katika makazi ya wachimbaji wadogo hali ni tofauti. Katoro na Kakola zimekusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, kikiwa na msamiati wake: *duara* ni shimo la mgodi, *karasha* ni mashine ya kusaga mawe, *marudio* ni mchanga uliokwisha kuchenjuliwa. Mtoto wa huko hukosa utulivu zaidi kuliko lugha, kwani rashi inapozuka kwingine, familia huhama. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza pia kazi za watoto machimboni, pamoja na kushika zebaki, katika wilaya za Chunya, Geita na Kahama. Shule inayompokea mtoto wa namna hii kwa kuangalia umri wake tu, bila kumpima kusoma na kuhesabu, inamwongezea daraja la kupotea.

4.0 Fedha za Dhahabu

Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2000 na 2001. Halmashauri hupata ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliitaka migodi kukubaliana nazo mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii. Matunda yanaonekana: Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu ilijengwa kwa fedha za mgodi wa Geita. Ila posho ya msaidizi wa lugha haina jiwe la msingi la kuzinduliwa, na pengine ndiyo sababu haipewi nafasi. Mgodi wa Buzwagi, ulioanza mwaka 2009, ulikoma kuzalisha mwaka 2021. Fedha za namna hii zina ukomo, na kinachopaswa kuulizwa ni zitumike kwa lipi kwanza.

Kizingiti cha pili, cha Kiingereza kidato cha kwanza, kimejadiliwa vya kutosha tangu Tume ya Makweta (1982) ilipopendekeza Kiswahili kitumike sekondari na serikali ikasita. Kwa mtoto wa Shinyanga, Kiingereza huja juu ya Kiswahili ambacho hakikukomaa. Hapa idara za Kiswahili zina kazi yao mahsusi: kuandaa, kwa ajili ya walimu wapya wanaopangwa Usukumani, vipindi vichache vya ulinganishi wa sauti na msamiati wa Kisukuma na Kiswahili, vikianzia na orodha ya maneno ya vitabu vya darasa la kwanza. Chuo cha Ualimu Shinyanga kingekuwa mahali pa karibu pa kuvijaribia.