Mapafu Yana Usiku Wake

Kliniki ya kifua hufunguliwa asubuhi. Mgonjwa anafika na kadi yake, anapimwa presha, anabanwa kidole kwa kile kidude chenye taa nyekundu, anasomewa oksijeni 93, anaambiwa si mbaya. Daktari anamsikiliza mgongoni mluzi wa mirija iliyobana, anamuuliza kuhusu makohozi, anamuuliza hupanda ngazi ngapi kabla ya kusimama kuvuta pumzi. Kama kituo kina spirometa, anapuliza kwa nguvu zote mpaka machozi yanamtoka. Kisha anapewa dawa ya kuvuta na tarehe ya kurudi. Yote hayo yamefanyika akiwa macho, ameketi wima, saa nne asubuhi. Saa nane usiku, akiwa amelala chali, hajawahi kupimwa na mtu.

Na saa nane usiku ndiyo yenye habari.

Tuanze na usingizi wenyewe. Kila baada ya dakika 90 hivi, aliyelala huingia kwenye kipindi cha ndoto, na katika kipindi hicho ubongo hulegeza karibu misuli yote ya mwili, pengine ili tusirushe kweli mateke tunayoyaota. Kazi ya kupumua inabaki kwa msuli mmoja: kiwambo, ule unaotenganisha kifua na tumbo. Mwenye mapafu mazima hahitaji zaidi ya huo. Lakini mtazame mzee mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao hospitalini huitwa COPD. Ameinama mbele, viganja viko juu ya magoti, misuli ya shingo inatuna kama kamba kila anapovuta pumzi. Mchana anapumua kwa msaada wa shingo, mabega na mbavu, kwa kuwa hewa iliyonaswa kifuani imeyavimbisha mapafu na kukisukuma kiwambo chini mpaka kikawa bapa, na kiwambo bapa hakina nguvu ya kuvuta. Ndoto ikianza, wasaidizi wote wanakwenda zao. Oksijeni ya damu inashuka na kubaki chini mpaka ndoto iishe.

Hilo ni tatizo la mapafu. Kukatika kwa pumzi usingizini ni tatizo la koo, na mtu anaweza kuwa nalo hata kama mapafu yake hayana kasoro. Misuli ya koo ikilegea, ulimi na kaakaa laini huanguka nyuma na njia ya hewa inafunga. Kifua kinaendelea kuvuta, tumbo linapanda na kushuka, hewa haiingii. Ili kuhesabiwa, mkatiko lazima ufike sekunde 10. Mingi hupita hapo, hadi 20 au 30. Kisha ubongo unashtuka, mtu anakoroma kwa kishindo, anapumua mara kadhaa na kuzama tena usingizini bila kukumbuka lolote asubuhi. Wataalamu huhesabu vipindi hivi kwa kila saa ya usingizi, wakijumlisha na vile ambavyo hewa hupungua sana bila kukatika kabisa. Chini ya 5 si neno. Kuanzia 15 ni tatizo la wastani. 30 na kuendelea ni kali. Thelathini kwa saa ni sawa na kukabwa koo kila baada ya dakika mbili, usiku kucha.

Mwaka 1985 David Flenley, daktari wa mapafu wa Edinburgh, Uskoti, aliandika juu ya wagonjwa wenye matatizo yote mawili, akaiita hali yao kwa neno lenye maana ya vitu viwili kulaliana, kama vigae vya paa. Sababu ya kuipa jina lake yenyewe ni kwamba madhara yake hayapatikani kwa kujumlisha tu moja na moja.

Anayejua ufukwe wenye mwamba atanielewa upesi. Maji yakipwa unaweza kutembea mbali kuelekea baharini na maji yasifike goti, mpaka ukingoni mwa mwamba. Hatua moja zaidi na miguu haigusi chini. Damu hubeba oksijeni kwa mtindo huo. Oksijeni iliyomo mapafuni inaweza kupungua kiasi kikubwa na damu ikaendelea kusoma asilimia tisini na kitu, maji ya kifundo cha mguu. Ukingo uko karibu na 90. Ukishaupita, upungufu mdogo mapafuni unakuwa anguko kubwa katika damu. Mwenye mapafu mazima hulala akiwa na 97, mbali na ukingo. Pumzi ikikatika sekunde 20 anasogea hatua chache na kurudi. Mgonjwa wa mapafu analala akiwa na 91, vidole vya miguu vimeshika ukingo. Pumzi ikikatika, anatumbukia. Kisha mapafu yake ya pole pole hayawahi kujaza kilichopungua, na mkatiko unaofuata unamkuta bado yumo majini.

Hewa ukaa nayo inajilimbikiza. Ndiyo sababu swali la kuumwa kichwa asubuhi, ambalo wengi huliona dogo, lina uzito kwa mgonjwa wa kifua: hewa hiyo ikizidi hupanua mishipa ya damu ya kichwani. Mishipa ya mapafuni hufanya kinyume. Penye oksijeni kidogo hujibana, na ikijibana usiku baada ya usiku, upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma dhidi ya mlango uliosindikwa, mpaka miguu inaanza kuvimba.

Huko Zaragoza, Hispania, José Marin na wenzake waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 600 kwa muda uliokaribia muongo mmoja, wakatangaza matokeo mwaka 2010. Wenye magonjwa yote mawili ambao hawakutibiwa koo walikuwa na hatari ya kufa takriban mara 1.8 ya wale wenye ugonjwa wa mapafu peke yake, na walilazwa zaidi kwa kuzidiwa kifua. Waliolala na mashine ya kusukuma hewa walikaribiana na wale wasio na tatizo la koo. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na mtu anayekubali kuvaa barakoa yenye bomba kila usiku huenda ndiye yule yule asiyeruka dozi. Kwa hiyo sitadai kwamba tofauti yote ilitokana na mashine. Hata hivyo ni tofauti ambayo daktari wa kifua hawezi kuipuuza.

Basi kwa nini wote wasipimwe? Hapa panahitaji utulivu. Utafiti mkubwa wa watu wa kawaida nchini Marekani, uliochapishwa 2003, ulikuta kwamba wenye mirija iliyobana kidogo hawakuwa na mikatiko ya pumzi mingi kuliko majirani zao. Lakini San Diego, watafiti walipowapima wagonjwa 44 ambao ugonjwa wao ulikuwa wa kati au mkali, waliokuwa wakianza mazoezi ya kurejesha nguvu za kupumua, theluthi mbili walikuwa nayo. Walipojaribu kubashiri ni nani anayo kwa kuangalia umri, jinsia, unene wa shingo na kiwango cha kusinzia mchana, hawakufua dafu.

Hilo la pili ndilo linalonikera, kwa kuwa chekecheke tulilonalo limesukwa kwa nyuzi hizo hizo. Dodoso linalotumika sana duniani, STOP-Bang, lilitungwa Toronto na Frances Chung na wenzake, likachapishwa 2008 kwa ajili ya watu wanaosubiri upasuaji. Maswali ni manane: unakoroma, unachoka mchana, kuna aliyeona ukiacha kupumua, una shinikizo la damu, uzito wako umepindukia, umevuka miaka 50, shingo yako ni nene, wewe ni mwanamume? Jibu la ndiyo kwa matatu linatosha kukutia shaka. Dodoso jingine, la Epworth, lililotungwa Melbourne mwaka 1991, hupima jinsi mtu anavyosinzia akisoma, akitazama televisheni au akiwa ndani ya gari.

Ni maswali mazuri, ila yapeleke Masindi, Uganda. Utafiti uliochapishwa 2015 ulikuta kwamba huko, kati ya watu wazima wa zaidi ya miaka 30, asilimia 16.2 walikuwa na ugonjwa wa kuziba njia za hewa. Zaidi ya watu tisa kati ya kumi walikuwa wakivuta moshi wa kuni na mabaki ya mimea, na wagonjwa wengi walikuwa bado vijana: karibu wanne kati ya kumi walikuwa na miaka 30 hadi 39. Mchukue basi mwanamke wa miaka 38, mwembamba, aliyekulia jikoni penye mafiga. Umri haumpi alama, jinsia haimpi, uzito haumpi, shingo haimpi. Nusu ya dodoso imeisha kabla hajafungua mdomo. Yaliyobaki ni uchovu, ambao ugonjwa wa mapafu wenyewe unatosha kuueleza. Presha, ambayo huenda hajawahi kupimwa. Na mawili ambayo hawezi kuyajibu mwenyewe, kwa sababu yanatokea akiwa amelala. Epworth nayo haimsaidii. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuteka maji hana muda wa kusinzia mbele ya televisheni.

Kuna pia neno letu ambalo dodoso la Toronto halingeweza kulijua. Mtu akishtuka usiku akiwa hana pumzi, amekabwa, moyo unamwenda mbio, kwetu husemwa amekabwa na jinamizi. Mara nyingi huwa ni ile hali ya ubongo kuamka kabla ya mwili, haina madhara, na vijana wengi huipata. Ila mgonjwa wa kifua anayekabwa na jinamizi kila wiki hatamweleza daktari. Atamweleza shehe, au mchungaji, au atanyamaza. Ningekuwa mimi ndiye ninayeandika dodoso la Kiswahili, jinamizi lingekuwa swali la kwanza.

Baada ya maswali kinakuja kile kidude cha kidoleni. Asili yake ni Japani, kwa mhandisi Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wakati wa korona kilienea mpaka madukani. Kukitazama mara moja mchana hakusemi chochote juu ya usiku. Kinachotakiwa ni kile chenye kumbukumbu, kinachovaliwa mpaka asubuhi na kuchora mstari. Mstari wa ugonjwa wa mapafu peke yake huwa na mabonde mapana, ya dakika kumi au ishirini, ya vipindi vya ndoto. Mkatiko wa pumzi huchora meno ya msumeno. Magonjwa yakilaliana, utaona meno ya msumeno yaliyozama ndani ya bonde, na hapo ndipo msomaji asiye makini huona bonde tu na kuandika kuwa mgonjwa aongezewe oksijeni.

Kifaa hiki nacho kina aibu zake. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kugundua upungufu mkubwa wa oksijeni mara tatu hivi zaidi ya kwa wazungu, kwa kuwa mwanga wake hupita kwenye ngozi yenye rangi. Kwa hiyo 93 ya asubuhi ile ya kliniki inaweza kuwa chini ya hapo. Na bibi harusi wa juzi atafutiwe kidole ambacho hakikupakwa piko.

Kipimo kamili ni kulala maabara usiku mzima na nyaya kichwani, kifuani na miguuni. Vifaa vidogo vya kupimia nyumbani vipo, lakini mwongozo wa Marekani wa 2017 unavitengea watu wasio na ugonjwa mzito wa mapafu, yaani si hawa tunaowazungumzia. Maabara hizo kwetu ni za kuhesabika, na kumpeleka kila anayekohoa hakuwezekani. Ningewatanguliza wenye maumivu ya kichwa ya asubuhi, wenye miguu iliyovimba kuliko vipimo vyao vya mchana vinavyoeleza, na wale ambao hewa ukaa yao iko juu. Hawa wa mwisho, mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa 2020 unashauri wachunguzwe koo kabla ya kuanzishiwa mashine ya kuwasaidia kupumua nyumbani. Ndivyo ilivyo na mtungi wa oksijeni. Kumpa mtu mtungi wa usiku bila kujua koo lake linafunga huweza kupandisha namba ya kidoleni huku hewa ukaa ikizidi kujaa, na asubuhi anaamka kichwa kizito kuliko jana.

Kabla ya hayo yote kuna shahidi asiye na gharama. Wazee wetu wengi wenye vifua vibovu ni wajane, na madodoso humtaka mwenza. Lakini bibi halali peke yake. Analala na wajukuu. Wao ndio wanaojua anavyokoroma, na ukiwaomba watamwigiza vizuri kuliko rekodi yoyote: mngurumo, mngurumo, kimya, halafu kishindo. Mwambie mmoja wao ahesabu ule ukimya. Akifika kumi, siku ya kliniki aende naye.