Nyumba Umejenga Mwenyewe, Machozi ya Nini?

Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 yanayomtikisa binadamu, kila tukio na alama zake. Kufiwa na mume au mke kuliongoza kwa alama 100. Talaka ilipewa 73. Kuhama nyumba kukaambulia 20.

Ukiishia hapo utasema wanaolalamikia kuhama wanadeka. Lakini shuka na orodha hiyohiyo huku ukimfikiria mama aliyetoka chumba cha kupanga Magomeni akahamia nyumba yake mwenyewe Chanika. Hali ya maisha imebadilika: 25. Mazoea yake binafsi: 24. Watoto wamehamishwa shule: 20. Msikiti mpya au kanisa jipya: 19. Watu wa kukaa nao jioni: 18. Usingizi: 16. Jumlisha na zile 20 za kuhama kwenyewe, unapata 142. Kwa hesabu ya kipimo hicho, anayevuka 150 ndani ya mwaka mmoja tayari yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua. Na deni la mabati sijaligusa.

Kipimo hiki kina kasoro, kwani kinawapima watu wote kwa mizani moja. Ila kinatuonyesha jambo ambalo wengi hatulioni tunapopakia vyombo kwenye kirikuu: siku ya kuhama, mambo mengi madogo yaliyokuwa yakikushikilia hukatika kwa mkupuo.

Wanaokuja kuzungumza nami juu ya hili karibu wote huanza kwa kuomba radhi. Wamejenga kwa miaka, leo mifuko kumi ya saruji, mwakani madirisha. Ndugu wamewapongeza. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo imekwisha, mwenye nyumba hagongi tena mlango. Sasa utamwambia nani kwamba unalia jikoni? Utaambiwa unakufuru neema. Mimi naona kinyume chake: huzuni ya kuhama haipingani na shukrani, na anayejikataza kuhuzunika kwa sababu nyumba ni nzuri ndiye huchelewa zaidi kuizoea.

Jambo hili limechunguzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaa wa West End mjini Boston ulivunjwa, na wakazi wake, wengi wakiwa wafanyakazi wenye asili ya Italia, wakatawanywa. Wakuu wa mji waliuona ni mtaa wa mabanda. Mwanasaikolojia Marc Fried aliwafuatilia waliohamishwa, na mwaka 1963 akaeleza kwamba wengi wao walikuwa kama watu wenye msiba: vilio, usingizi kupaa, tumbo kuvurugika, kuwaza mitaa ambayo haikuwepo tena. Kwa baadhi yao miaka miwili ilipita na hali ikawa ileile. Walioumia zaidi ni wale walioupenda na kuujua mtaa kuliko wengine.

Nasi tunayo ya kwetu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Dar es Salaam, familia za Bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Baadhi zilirudi bondeni, na watu wakawaita wakaidi. Umbali na riziki ulikuwa sababu kubwa, sikatai. Lakini bondeni ndiko alikokuwa anayekukopesha unga hadi Jumamosi, anayekuangalizia mtoto ukienda Kariakoo, anayejua kwamba una presha. Kiwanja kina hati. Watu hao hawaandikwi kwenye hati yoyote.

Ndiyo maana kwa maoni yangu pigo kubwa la kuhama mjini kwetu liko kwenye ukuta na geti. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, korido katikati na uani mmoja, inachosha kweli: foleni ya choo, ugomvi wa umeme nani kaweka na nani anatumia pasi. Pamoja na hayo, humo hupiti siku bila kusalimiwa. Mtu akichelewa kufungua mlango asubuhi, kuna atakayegonga. Ukihamia nyumba ya peke yako nje ya mji, jirani wa karibu bado yuko kwenye msingi, na mwenye mume hushuhudia mumewe akiondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari na kurudi saa tatu usiku. Mume anaona matunda ya jasho lake kila anapofungua geti. Mke anaona ukuta kutwa nzima. Wakigombana juu ya rangi ya sebule, mara nyingi ugomvi wenyewe si wa rangi.

Ubongo nao una kazi yake. Mwaka 1971 John O'Keefe na mwenzake waligundua kwenye ubongo wa panya seli zinazoamka pale mnyama anapokuwa mahali fulani tu. Ugunduzi huo ulimpa O'Keefe Tuzo ya Nobel mwaka 2014, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser. Binadamu nasi tuna ramani ya namna hiyo. Nyumba ya zamani ulitembea gizani bila kujikwaa. Hapa kila swichi inatafutwa, na utafutaji huo huchosha hata kama makochi yamekwisha kupangwa. Usingizi je? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha mwaka 2016 kwamba usiku wa kwanza mahali pageni, sehemu ya upande wa kushoto wa ubongo hailali sawasawa, hubaki macho kwa sauti ngeni. Kwa hiyo baba anayeinuka kila mbwa akibweka asichekwe.

Ramani hujengwa kwa kurudiarudia, si kwa kukaa ndani. Tembea kwa miguu hata kama una gari. Chagua genge moja na duka moja kwa Mangi, nenda hapohapo kila siku mpaka muuzaji akuulize mbona jana hukuonekana. Nenda kwa mjumbe ujitambulishe mapema, usisubiri siku unayohitaji barua. Msiba ukitokea mtaani, nenda, hata kama marehemu humjui. Hakuna mlango unaokuingiza mtaani haraka kama huo. Kisomo cha dua, au jumuiya kuja kusali kwenye nyumba mpya, pia kina faida ambayo mtaalamu hawezi kuidharau: majirani wanaingia ndani, na nyumba inaanza kuwa na kumbukumbu.

Mtaa wa zamani usiukate ghafla. Utembelee, lakini ulale kwako. Margaret Stroebe na Henk Schut walipoandika juu ya maombolezo mwaka 1999, walisema mtu hupona kwa kwenda na kurudi kati ya kulikabili alilopoteza na kushughulikia maisha yaliyopo. Anayeshinda kibaraza cha zamani kila siku na asiyekanyaga tena kabisa wamekwama wote wawili.

Watoto wadogo hufuata hali ya mlezi; wawekee shuka zilezile na muda uleule wa kulala. Wa miaka 12 hadi 14 ndio wa kuangaliwa zaidi, umri ambao utafiti mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2016 uliukuta na uhusiano wa juu kati ya kuhamahama na matatizo ya baadaye. Waage rafiki zao kwa heshima, si kuchukuliwa shuleni kimyakimya. Mzee aliyeanza kusahau, kitanda chake kielekee kama kilivyoelekea zamani, na njia ya chooni iwe na taa usiku kucha.

Wengi hutulia baada ya miezi kadhaa. Lakini ukijikuta wiki mbili mfululizo huna hamu ya chochote, huli au hulali, au mawazo ya kufa yanakujia, usiseme ni ugeni tu. Mawazo hayo yakija, usingoje hata hizo wiki mbili. Mwambie mtu leo na uende kituo cha afya. Ukifika, mwambie mhudumu kwamba umehama hivi karibuni. Asipoambiwa atapima malaria na presha, akupe panadol, urudi nyumbani na lilelile lililokuleta.