Fahamu: Usaili wa TypeScript unapima nini?
Microsoft iliitoa TypeScript mwaka 2012 ili makosa mengi ya JavaScript yanaswe kabla programu haijaanza kufanya kazi. Ukiitwa kwenye usaili, anza na jambo hili: aina (types) zote za TypeScript hufutwa msimbo unapogeuzwa kuwa JavaScript. Kwa hiyo data ya JSON inayotoka kwenye seva haikaguliwi yenyewe; ukaguzi huo unauandika wewe. Jizoeze kulieleza kwa sauti, kwa mfano wako mwenyewe.

Kisha ujue tofauti ya aina mbili, any na unknown. Ya kwanza huzima ukaguzi, ya pili hukulazimisha kuthibitisha aina kabla ya kuitumia thamani.

Majibu ya kukariri siyapendekezi hata kidogo: msaili akibadilisha mfano, unakwama. Chukua mradi mdogo wa JavaScript, uhamishie TypeScript, washa mpangilio wa strict, urekebishe kila kosa linalojitokeza.