Moses Fleetwood Walker: mdakaji aliyefungiwa mlango

Tarehe 1 Mei 1884, mjini Louisville, Marekani, Moses Fleetwood Walker aliingia uwanjani akiwa mdakaji wa timu ya Toledo katika ligi kuu ya besiboli. Ilikuwa miaka 63 kabla ya Jackie Robinson, ambaye wengi humtaja kuwa mchezaji wa kwanza mweusi wa ligi hizo. Watafiti humtaja pia William Edward White, aliyecheza mechi moja mwaka 1879, lakini yeye alihesabiwa kuwa Mzungu.

Walker alizaliwa Ohio mwaka 1856, mtoto wa daktari, akasoma katika chuo cha Oberlin na kisha sheria Michigan.

Mikono mitupu

Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, huonyesha kwa vidole aina ya mpira anaoutaka, kisha huudaka. Enzi hizo glavu zilikuwa nyembamba, na Walker mara nyingi alidaka bila glavu yoyote. Vidole vilivunjika, na mechi zikampita.

Shida yake haikuwa mpira peke yake. Mtupaji wa Toledo, Tony Mullane, alikiri baadaye kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliopata kucheza nao, lakini kwa kuwa hakuwapenda watu weusi, alizipuuza ishara zake na kutupa alivyotaka. Walker alilazimika kudaka mipira asiyoijua. Hata hivyo, katika mechi 42 za msimu huo alifanikiwa kupiga zaidi ya mara moja katika kila majaribio manne, kiwango cha kuheshimika kwa mdakaji wa wakati ule.

Agosti 1883 timu ya Chicago ilifika Toledo kwa mechi ya kirafiki. Nahodha wake, Cap Anson, alisema hatacheza na mtu mweusi. Walker alikuwa majeruhi na hakupangwa, lakini meneja wa Toledo, kwa hasira, akampanga. Anson alipoambiwa kuwa akigoma atakosa mgao wa viingilio, alicheza.

Ushindi huo haukudumu. Mwaka 1884 ilitumwa barua kutoka Richmond ikitishia kwamba watu 75 wangemshambulia Walker akionekana uwanjani huko. Tarehe 14 Julai 1887 wamiliki wa timu za Ligi ya Kimataifa walipiga kura kutowapa wachezaji weusi mikataba mipya. Walker alicheza Syracuse hadi 1889. Baada yake, ligi hiyo haikuwa na mchezaji mweusi hadi Robinson alipojiunga na Montreal mwaka 1946.

Warejee Afrika

Maisha yake ya baadaye yalikuwa na misukosuko. Mwaka 1891 alimchoma mtu kisu katika ugomvi, mtu huyo akafa, lakini mahakama ikamwachia huru. Baadaye alifungwa kwa wizi wa barua. Aliendesha pia ukumbi wa maonyesho mjini Cadiz, Ohio, na kusajili uvumbuzi wa vifaa vya sinema.

Mwaka 1908 alichapisha kitabu, Our Home Colony, akiwataka Wamarekani weusi wahamie Afrika. Kwa msomi aliyekulia na kusoma miongoni mwa Wazungu, huo ulikuwa uamuzi mzito.

Alifariki Cleveland mwaka 1924 na kuzikwa Steubenville. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi 1990.