Sheria ya afya: ni masomo gani, na yanamsaidia nini mama anayezaa?

Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Mutshatsha alikuja kuniona shuleni pamoja na binti yake. Binti amepata diplome ya Serikali na anataka kwenda Lubumbashi kusoma sheria. Mama hakufurahi.

«Mwalimu, mimi nilitaka asome uuguzi. Sheria itatusaidia nini? Sheria ni ya kugombania viwanja na kutoa watu gerezani.»

Binti alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Mama, umesahau zile siku tisa?»

Mama yake aliinamisha kichwa. Mimi sikujua habari hiyo, wakanieleza. Wakati wa kuzaa mtoto wa mwisho, mama huyu alipasuliwa. Muganga alisema amepona, anaweza kurudi nyumbani. Lakini pesa haikutosha, na baba alikuwa mbali akitafuta kazi. Basi mama akazuiwa pale na mtoto mchanga. Kitanda kikapewa mwingine, yeye akalala juu ya mkeka. Binti huyu, wakati ule akiwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa anapeleka bukari na sombe kila jioni. Walitoka siku ya tisa, baada ya kuuza kinga ya baba na mbuzi wawili. Jina la maternite hiyo silitaji, maana si moja tu inayofanya hivyo. Wengi wenu munasoma hapa na munajua nasema nini.

Nilimwambia mama: yale binti wako anayotaka kusoma yako ndani ya zile siku tisa. Yanaitwa sheria ya afya.

Ni masomo gani?

Kwenye chuo kikuu, anayesoma sheria hufanya kwanza miaka mitatu ya licence. Kisha anaweza kuendelea miaka miwili ya master na kuchagua upande mmoja. Sheria ya afya ni upande mmojawapo wa sheria. Mwanafunzi anajifunza haki za mgonjwa: kuelezwa ugonjwa wake, kukubali au kukataa kupasuliwa, na siri yake kutunzwa. Anajifunza pia mipango ya Serikali: nani analipa muganga, nani ananunua dawa, pesa ya afya ni ngapi katika bajeti na inapita wapi mpaka ifike kijijini. Anajifunza habari za dawa za uongo, maji yaliyochafuliwa, na maambukizo kama kolera.

Muuguzi anamtunza mama aliye mbele yake. Mwanasheria wa afya anauliza: kwa nini muuguzi huyu yuko peke yake usiku mzima, na kwa nini hana glavu? Kazi hizo mbili zinahitajiana.

Kesi ya wamama wawili wa Uganda

Ili musifikiri ni maneno ya vitabu tu, nawaletea mfano wa jirani zetu.

Mwaka 2009, mama Sylvia Nalubowa alikufa katika lopitali ya Mityana, nchini Uganda. Alikuwa na mapacha. Mtoto wa kwanza alizaliwa, wa pili akabaki tumboni. Familia ilisema kwamba waliombwa vifaa na pesa kwanza, na wakati ulipita. Mwezi wa 12 mwaka 2010, mama Jennifer Anguko alikufa katika lopitali kubwa ya Arua, kaskazini mwa nchi ileile. Alikuwa mshauri aliyechaguliwa na watu wa kwao. Alitokwa damu kwa saa nyingi, na muganga hakufika kwa wakati. Mume wake aliitwa Valente Inziku.

Katika sehemu nyingi, habari ingeishia kwenye matanga. Tungesema ni mapenzi ya Mungu, tungepika chai, tungegawanya yatima. Lakini mwezi wa 3 mwaka 2011, watu wanne walipeleka mashtaka mbele ya Korti ya Katiba ya Uganda. Hawakumshtaki muuguzi aliyekuwa zamu. Waliishtaki Serikali. Wa kwanza alikuwa shirika la CEHURD, shirika la wanasheria wanaotetea haki ya afya. Wa pili alikuwa Profesa Ben Twinomugisha, aliyekuwa anafundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Wa tatu na wa nne walikuwa watu wa matanga wenyewe: mama mkwe wa Nalubowa, Rhoda Kukiriza, na Inziku, mume wa Anguko.

Angalieni vizuri jinsi walivyokaa pamoja. Profesa alijua katiba inasema nini. Lakini profesa hakuwa kwenye maternite usiku ule. Mama mkwe na mume ndio walioweza kusema tulifika saa fulani, tuliombwa hiki, tulingoja hivi. Bila watu wa familia, profesa angekuwa na vitabu tu. Bila profesa, familia ingekuwa na machozi tu.

Haikuwa rahisi. Mwaka 2012 korti ilikataa kuwasikiliza. Ilisema mambo ya kugawanya pesa ya afya ni ya Serikali, si ya waamuzi. Walikwenda mbele ya Korti ya Juu, na mwaka 2015 Korti ya Juu ikasema hapana, kesi irudi na isikilizwe. Tarehe 19 mwezi wa 8 mwaka 2020, Korti ya Katiba ilitoa uamuzi: Serikali ikishindwa kuwapa wamama wanaozaa matunzo ya lazima, inavunja haki yao ya afya na ya uhai. Ikaamriwa iweke pesa ya kutosha katika bajeti kwa ajili ya wamama wanaozaa, wafanyakazi wafundishwe, vituo vipate vifaa, na familia zile mbili zilipwe fidia.

Miaka tisa ilipita. Haikuwarudisha marehemu. Lakini tangu siku hiyo, mama wa Uganda akiomba matunzo anaomba haki yake, haombi huruma.

Na habari ya kuzuiwa kwa sababu ya deni? Kenya ilikwisha kuisikiliza. Mwezi wa 9 mwaka 2015, Korti Kuu mjini Nairobi iliamua kesi ya wamama wawili waliozuiwa kwenye maternite ya Pumwani kwa kukosa pesa. Korti ilisema kumfungia mama kwa sababu ya deni la kuzaa ni kuvunja haki zake, ikaamuru walipwe.

Na kwetu Kongo?

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 inasema katika artikle ya 47 kwamba haki ya afya inahakikishwa. Artikle ya 17 inasema uhuru wa mtu unalindwa, na hakuna anayeweza kukamatwa au kuzuiliwa nje ya sheria. Tena Kongo imekubali tangu mwaka 1976 agano la mataifa linalokataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Deni linabaki deni, na lazima lilipwe. Lakini mwili wa mama na mtoto si rehani kama kinga au mbuzi.

Tuseme ukweli pia juu ya wauguzi. Wengi wao hawapati mshahara wa Serikali, au wanapata kidogo sana. Pesa ya wagonjwa ndiyo inawalisha. Ukigombana na mama akusheze peke yake, unagombana na mtu mwenye njaa kama wewe. Ndiyo maana Waganda wale walikwenda kuuliza juu, pale bajeti inapogawanywa.

Mwezi wa 9 mwaka 2023, Serikali yetu ilianza Kinshasa mpango wa kuzaa bure: kupimwa mimba, kuzaa kwa kawaida au kwa kupasuliwa, na matunzo ya mtoto mchanga. Mpango huo unaendelea kupelekwa katika mikoa mingine hatua kwa hatua. Ni haki yetu kuuliza kwenye zoni ya afya: kwetu umefikia wapi?

Na sisi wa teritware ya Mutshatsha tuna swali lingine. Shaba inatoka katika udongo wetu. Kamoa-Kakula peke yake inaitoa tangu mwaka 2021. Kodi ya madini ya mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya malipo ya madini iende kwa sekta au komine ambamo mgodi uko, na kampuni itenge asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Pesa hiyo inaweza kujenga maternite na kununua vitanda. Je, wakati wa kupanga matumizi, mama gani alikuwa kwenye meza?

Tufanye nini tangu wiki hii?

Kwanza, tutunze karatasi: karte ya kupimwa mimba, risiti, fakitire. Mambo yakiharibika, andika siku, saa, na maneno uliyoambiwa. Kama hujui kuandika, mtoto wako wa shule aandike.

Pili, kila eneo la afya linapaswa kuwa na komite ya wakaaji inayoitwa CODESA. Kikundi chetu kiulize nani yuko ndani, na kiombe wamama waingie. Pale ndipo pa kuomba bei ya kuzaa ibandikwe ukutani, mama aijue tangu mimba ya miezi mitatu, si siku ya kutoka.

Tatu, kwenye likelemba tuweke kasha dogo la mimba. Mama mmoja akishikwa, tusingoje mbuzi wauzwe.

Nne, binti akisema anataka kusoma sheria, tusimvunje moyo.

Yule mama alirudi kwangu Jumatatu. Hakusema mengi. Aliniuliza tu masomo yanaanza lini Lubumbashi, na kama ile fakitire ya zamani, aliyoificha chini ya godoro miaka hii yote, inaweza kumfaa binti yake.

Nikamwambia: «Mama, aende nayo. Ndiyo kitabu chake cha kwanza.»