Kadi za Picha za Zamani

Kadi ya posta ni karatasi ngumu inayotumwa bila bahasha. Posta ya Austria ndiyo iliyoanza kuziuza, tarehe 1 Oktoba 1869. Picha zilikuja baadaye. Katika mwaka 1912 Wabelgiji walitoa kadi za Kongo zilizochapwa stempu upande mmoja na picha upande wa pili. Mzungu aliandika maneno machache tu, na mama yake huko Ulaya akapata kuona nchi anamokaa mwanawe.

Ukipata kadi ya namna hii, igeuze kwanza. Ukisoma Costermansville, ujue ni Bukavu. Mji uliitwa hivyo toka 1927 mpaka miaka ya 1950, kwa jina la mkubwa mmoja wa Kibelgiji. Muhuri wa posta hutaja mwaka kadi ilipotumwa, wala si mwaka picha ilipopigwa. Kadi iliweza kungoja dukani siku nyingi sana!

Sasa tazama picha. Ziwa Kivu lile lile, na rasi tano zinazoingia majini kama vidole vya mkono. Lakini vilima vi wazi. Leo vimejaa nyumba tele. Mpiga picha alitaka kuonyesha ziwa. Hata hivyo yaangalie ya pembeni: pengine anapita mama na mzigo wa kuni mgongoni, kamba imemkaza kipaji. Mambo ya pembeni ndiyo yasiyopangwa na mtu.

Maneno yaliyochapwa yasadiki kwa kiasi. Casimir Zagourski, mtu wa Polandi aliyekuja Léopoldville katika 1924, alisafiri sana akapiga picha nzuri mno. Mkusanyo wa kadi zake aliuita kwa Kifaransa “Afrika Inayotoweka”. Kwa hiyo alichagua ya kale, na baiskeli na maduka hayakumvuta sana. Chini ya sura ya mtu mara nyingi liliandikwa jina la kabila tu. Jina alilopewa na baba yake halimo.

Yule mama wa kuni naye hana jina. Lakini nyanya wa Bunyakiri akionyeshwa kadi hiyo, aweza kueleza kamba ilisokotwa kwa nini, kikapu kilifumwa na nani, na kuni za namna ile zilikatwa wapi. Aulizwe angali hai, na majibu yake yaandikwe nyuma ya kadi kwa kalamu ya risasi.