Kishikwambi Kikikwama Kuwaka: Subira Kabla ya Kufuta

Kishikwambi si kitu kigeni tena majumbani. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kuvigawa kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma. Na Agosti 2019 makarani wa sensa walipita navyo nyumba kwa nyumba, Kitui na Makueni kama kwingineko nchini. Leo jamaa zetu walioko Kitui mjini, Kibwezi na Mtito Andei huwasomeshea watoto Kurani, huzungumza kwacho na mabibi walioko Mombasa na Lamu, na humo huhifadhi picha za harusi na sauti za waliotutangulia mbele ya haki. Ndiyo maana kinapokwama kwenye nembo ya kampuni, kisisonge mbele wala kisizimike, nyumba nzima huingiwa na hofu.

Kukwama si kufa. Mara nyingi yaliyomo yangali salama, na kinachoyaangamiza ni pupa ya kufuta. Basi tuanze na jepesi, tuishie na zito.

Kwanza, tukitie chaji kwa saa nzima, kwa chaja yake. Umeme wa sola ndogo za vijijini huweza kuwa hafifu, na betri iliyonyong'onyea hukifanya kiwake na kuzima bila kufika.

Pili, tutoe laini na kadi ya kumbukumbu, kisha tushikilie kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika hadi kianze upya. Vingine huhitaji kitufe cha kupunguza sauti kishikiliwe pamoja nacho.

Tatu, kikizidi kukwama, tukizime, halafu tushikilie pamoja kitufe cha kuwasha na cha kuongeza sauti. Katika vishikwambi vingi vya Android hutokea orodha ya maandishi ya Kiingereza, na hapa ndipo penye hatari. Mstari wenye neno «cache», ukiwapo, husafisha mabaki ya muda tu, haugusi picha. Mstari wenye neno «data» hufuta kila kilichomo ndani. Tusome mara mbili kabla ya kuchagua.

Kufuta data kuwe hatua ya mwisho kabisa. Kabla yake tuhakikishe tunaikumbuka akaunti ya Google na neno lake la siri, kwani kikiwaka upya huweza kuyadai, na asiyekuwa nayo hatafunguliwa.

Tukikipeleka kwa fundi, tumwambie waziwazi asifute lolote bila idhini. Picha za kina mama na mabinti zilizomo ni sitara ya nyumba. Tumtafute mwaminifu, na ikiwezekana tukae papo hapo hadi amalize.

Kikipona, siku hiyo hiyo tunakili picha na sauti kwenye kadi au kifaa kingine, kwani kilichokwama mara moja huweza kukwama tena.

Wabillahi taufiq.